Mtu wa Mwisho Mstarini

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nasuka nywele Pinetown, kando ya Durban, Afrika Kusini, na anayesuka nywele husikia kila kitu: wanaume waliokimbia, wachungaji waliotabiri mambo yasiyotokea, wadada waliosema wameolewa na tajiri kumbe tajiri ni shemeji. Mtu akianza kunisimulia habari za binadamu wa ajabu, namwambia sawa, inamisha kichwa nisuke. Lakini Maître alinishinda. Miaka yote niliyomjua nilitafuta mahali pa kumshushia hadhi kidogo, nikapata pengi, na bado hakushuka.

Tulimwita Maître kwa sababu kwetu Kongo kila anayefundisha judo au karate huitwa hivyo, awe mzee au kijana. Jina lake la ubatizo lipo, lakini sijawahi kusikia mtu akilitumia, hata mkewe. Mkewe naye tulimwita Mama Maître, akaridhika. Siku hizi wanaishi Cape Town kwa binti yao, na katika ukumbi wetu wa judo sasa anafundisha mwanafunzi wake Deo. Nitamsimulia kama nilivyomwona mimi, kwa macho ya mtu mbishi, ili msije mkasema nimetia chumvi.

Ukimwona mara ya kwanza usingesema huyu ni mtu wa kupigana. Alikuwa mfupi, kichwa kikubwa, tumbo dogo la kupenda mkate, na masikio yaliyokunjamana kama tambi kwa sababu ya kusuguliwa na makoti ya watu miaka mingi. Alivaa sweta hata Januari, Durban inapotokota. Alitembea polepole na mikono yake iko mbele kidogo, vidole vimejikunja, kana kwamba wakati wowote mtu angepita na yeye angetakiwa kumkamata kola.

Kazi yake ilikuwa kushona makochi. Karakana yake ilipakana na saluni yangu, ukuta mmoja, kwa hiyo nilisikia nyundo yake na yeye akasikia umbea wetu. Magodoro ya judo aliyashona mwenyewe kwa mabaki ya sponji, akayavika turubai la malori mazee. Tuliyatandika kila Jumamosi katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa letu kule Glenwood, tukayakunja tena jioni ili Jumapili watoto wapate pa kukaa. Ukianguka juu yake ulisikia tofauti: hapa sponji ngumu ya kiti cha ofisi, pale laini ya kochi la watu wenye nafasi. Deo, Mrundi mrefu anayeuza na kutengeneza simu, alikuwa na mahali pake pa kuangukia, kona ya kushoto, na alipotupwa kwingine alilalamika kama mtu aliyepewa chumba kibaya hotelini.

Mshono wa Maître ulikuwa umenyooka. Nasema hivi kama mtu anayegawa nywele za watu kwa mkia wa kitana kila siku. Mstari wa mshono wake ungeweza kuuweka juu ya kichwa cha bibi harusi.

Semi zake zilikuwa nyingi na hakuna hata moja aliyoitoa kwenye kitabu. “Nguvu ni mugeni,” alisema, “umupikie, lakini usimupe funguo ya nyumba.” Mtu akikusukuma, alisema, amekupa kitu, kwa hiyo pokea kwanza kabla hujamrudishia. Mtu akimuuliza lini atapata mkanda mweusi, jibu lilikuwa moja: “Mukanda inashika suruali. Suruali yako inaanguka?” Sifa hakutoa. Siku niliyomwangusha Deo kwa mara ya kwanza, mimi mama wa watoto wawili, pumzi juu juu na moyo unataka kutoka, nilimtazama Maître nikingoja neno. Akasema, “Kucha zako ni murefu. Kata.”

Na kasoro zake? Zipo, tena za kuchekesha. Alituhubiria utulivu, lakini kwenye mchezo wa dama aliiba kete mchana kweupe, ukimkamata anakasirika yeye. Aliogopa mbwa. Mbwa mdogo wa jirani, kimo cha kikombe, alimfanya Maître avuke barabara na kuzunguka hadi kwenye robot, yaani taa za barabarani, asubiri ya kijani kama mtu mwenye safari yake. Kisha kasoro kubwa, ambayo mimi niliiona ya ajabu kuliko zote: mtu aliyeishi kwa kushika wengine hakutaka kushikwa. Ukimpokea mfuko, anaurudisha. Ukimpa mkono ashuke kwenye taxi, anashuka upande wa pili. Siku moja Mama Maître alimfuta jasho kwa kitambaa mbele yetu, Maître akamwondoa mkono taratibu, akasema, “Niko nayo mikono mbili.” Mama Maître akatutazama na kucheka, lakini hakucheka sana.

Kuna siku moja ambayo kila mteja wangu wa zamani ameisikia, na sasa mtaisikia na ninyi.

Ilikuwa ni wakati ule mji ulikuwa na joto baya, watu wakisema wageni warudi kwao, na sisi tukifunga milango mapema. Nilikuwa nimeteremsha chuma cha dirisha nusu. Wanaume watatu wakaja na fimbo, wakasimama mlangoni kwa Maître. Niliwaona kupitia ufa. Nikamwomba Mungu, nikatafuta simu, nikaiona iko chini ya kioo mbali na mkono wangu. Nikawaza: sasa Maître atawatupa mmoja baada ya mwingine, na kesho watarudi thelathini.

Ndani palikuwa na kochi moja tu, tayari kupelekwa. Lilikuwa la gogo mmoja, ndivyo Wazulu wanavyomwita bibi mzee. Gogo huyo alitaka mahameli ya rangi ileile ya siku alipoolewa, na Maître alihangaika wiki nyingi kwenye maduka ya vitambaa hadi akaipata: nyekundu ya kutu, lakini kutu yenye moto ndani yake. Mwanga ukiipiga ilibadilika. Alijivunia kochi lile kuliko mikanda yetu yote.

“Baba, tulisema muondoke,” yule wa mbele akasema kwa Kizulu.

“Yebo, nasikia,” Maître akajibu, kwa Kizulu chake kilichovunjika vipande vipande. “Lakini hii kochi si yangu. Ni ya gogo. Gari iko inje. Mimi mufupi, siwezi nyanyua peke yangu. Wewe shika kule, wewe kule. Muangalie ukuta, musichubue.”

Na wallahi, mimi ni Mkristo lakini hapa naapa hivyo hivyo: wakashika. Yule wa mbele aliegemeza fimbo yake ukutani kwa adabu kana kwamba ni mwavuli. Wakabeba kochi la gogo, Maître akitembea kinyumenyume mbele yao na kusema polepole, kizingiti, kizingiti, sasa ngazi. Wakalipakia kwenye bakkie, pikapu yake. Mmoja akafuta vumbi kwenye mahameli kwa kiganja. Kisha wakasimama pale barabarani, mikono mitupu, hawajui walikuja kufanya nini. Yule wa mbele akasema, “Sharp, baba,” yaani sawa, na wakaenda. Fimbo moja ilibaki. Maître aliitumia baadaye kutengenezea mguu wa kiti.

Nilipotoka nikamkuta ameketi sakafuni, miguu inatetemeka kama ya mtoto mwenye homa. “Mama Neema,” akaniambia, “iko sukari kwako?” Nikamletea kikombe kizima, akakilamba kwa kidole. Hapo ndipo nilipojua kwamba aliogopa kama mimi. Nilimheshimu zaidi kwa ule mtetemo kuliko kwa lile kochi.

Sasa nieleze jambo la mlimani, maana ndilo lililonifanya niandike.

Kila mwaka, mwezi wa tano, joto la Durban linapolegea na hewa inapoanza kuwa na makali kidogo asubuhi, Maître alitupeleka milima ya Drakensberg. Ijumaa jioni tulipanda taxi ya kukodi, ndivyo huku wanavyoita daladala, pale Pinetown, masufuria miguuni, sombe yetu ya majani ya mihogo imeshatwangwa. Jumamosi nzima ilikuwa ya judo juu ya majani, na Jumapili ya kupanda mlima hadi kwenye maporomoko ya maji. Pwani kwetu majani hayajui kupukutika, miti ni kijani mwaka mzima kama isiyo na kalenda. Lakini kule juu nyasi zote hubadilika rangi, bonde zima, na miti ya kando ya mto huwa myekundu na ya njano. Mara ya kwanza nilipoona nikasahau kuwa nina baridi.

Mlimani Maître alikuwa na sheria moja. Tulitembea kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, na yeye daima wa mwisho. Wa mbele akikuta kitu kibaya njiani, anakiita: “Jiwe!” Wa nyuma yake anaita vilevile, “Jiwe!” na neno linashuka mstarini mtu kwa mtu hadi kwa Maître, naye anajibu kwa sauti: “Imefika!” Asipojibu, mstari wote unasimama. Mzizi, tope, shimo, ukingo, vyote viliitwa hivyo.

Nilimuuliza aliitoa wapi, nikidhani atasema Japani. Akasema ni kwa wamama wa kwao Kivu, wanaobeba mizigo ya sokoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. “Ule anabeba, anaangalia chini tu. Haoni mbele, haoni nyuma. Sasa ule wa mbele akinyamaza, wa nyuma ataanguka na mihogo ya watu. Mama yangu hakukuwa na judo, lakini hiyo ndio judo.” Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Maître aliwapinga wahenga. Kwake, mlimani, kazi ya ulimi ilikuwa kulinda vidole vya mwenzako.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa. Nilikuwa katikati ya mstari, tukageuka kona, bonde likafunguka lote mbele yangu na nyasi zile zinawaka, na kando ya njia ua moja jekundu limesimama peke yake. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. “Ua!” nikaita. Wa nyuma yangu akaita, “Ua!” Likashuka, ua, ua, ua. Kisha sauti ya Maître: “Musimame!”

Akapanda kutoka nyuma, akipita kila mtu, hadi kwangu.

“Ua iko wapi?”

Nikamwonyesha.

“Hiyo inaweza kuvunja mutu muguu?”

“Hapana, Maître.”

“Maua haivunje mutu muguu. Kitu ya kuvunja muguu, ndio unaita. Ingine unaiangalia na unanyamaza. Ukiita kila kitu, siku ya jiwe hakuna atakayesikia.” Akarudi nyuma. Deo alinicheka hadi chini ya mlima, na kwa mwaka mzima ukumbini aliniita Mama Maua.

Basi. Mwaka juzi mshono wa Maître ulipinda.

Nililiona godoro jipya, nikaufuata mshono kwa macho kama ninavyofuata mstari wa kichwa, nikaona unatoka, unarudi, unatoka. Nyuma ya ukuta, nyundo ilikuwa inapiga, inanyamaza muda mrefu, inapiga tena. Mama Maître alikuja kusukwa, nikamuuliza kwenye kioo bila kumgeukia. Akaniambia ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda kabisa, la kulia lilikuwa linaondoka. Dawa ya matone alikuwa anatia, lakini daktari alisema kilichopotea hakirudi.

“Usimuambie kama nimekuambia,” Mama Maître akasema. “Anasema mwalimu wa kushikwa mukono si mwalimu. Anasema wanafunzi wakijua, watamuonea huruma, na huruma haiwezi kupiga salamu ya judo.”

Nikaificha siri hiyo mwaka mzima. Iliniuma, maana mimi siri hunivimbisha. Ukumbini nilianza kumsalimia kwa kujitaja, “Maître, ni mimi Mama Neema, bonjour,” kana kwamba ni mazoea mapya ya heshima. Punde nikasikia Deo naye, “Maître, ni Deo.” Kisha wengine. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwa nini. Siku moja nilimpelekea Deo simu yangu na nikamuuliza moja kwa moja. Akainamisha kichwa juu ya bisibisi yake.

“Alikuwa anakuja kila mwezi na simu yake,” akasema. “Deo, ongeza ile maandishi. Naongeza. Anarudi, Deo, ongeza tena. Mwezi uliopita akaja, nikamuambia Maître, imefika mwisho, hakuna kubwa kushinda hii. Akasema, eish, basi acha, hata watu wanaandika mambo ya bure.” Akafuta pua. “Nilidhani najua peke yangu.”

Kumbe ukumbi mzima ulijua, na kila mmoja alikuwa ameshikilia ile siri peke yake, kwa uangalifu, kama anayebeba yai. Tukakubaliana tusiseme lolote. Yeye alitaka tusijue, basi tusijue.

Mwezi wa tano mwaka jana ukakaribia. Mama Maître alinipigia saluni. “Anataka kwenda. Nimelia, hasikii. Mukimuacha hapa atakufa na huzuni, na mukimupeleka anaweza kuanguka kule. Wewe unatembea mbele yake miaka hii. Mama Neema, nakuuliza wewe: munirudishie mutu yangu na miguu yake yote.” Nikamwahidi. Baada ya kukata simu nilikaa kwenye kiti cha wateja, mikono yangu haina kazi, nikajiuliza nimeahidi kwa nguvu gani.

Jumamosi ile kule juu ilikuwa baridi, pumzi zinatoka kama moshi. Maître akavaa kimono chake, akasimama katikati ya majani, akasema aje Deo. Deo ni mrefu, kilo mia na zaidi. Akaja mbele, akasita, nikajua anachowaza: nimshike vipi mzee asiyeona. Maître akanyoosha mikono, akaipapasa hewa mara moja tu, akapata kola. Basi. Kuanzia hapo ilikuwa kama mtu aliyerudi nyumbani kwake na kuwasha taa. Kila Deo alipohamisha uzito, Maître alikuwa ameshafika pale kabla yake. Tukamwona Deo ananyanyuka, miguu yake mirefu inapita juu ya milima, na anashuka mgongo chali kwenye majani kwa sauti ya gunia. Maître hakumwachia kola hadi alipofika chini, ili kichwa kisigonge. Mimi niliyesuka vichwa vyote vya Pinetown nikasimama pale na ngozi inanisisimka. Sijaona kitu kama hicho, na sitegemei kuona tena.

“Maître, umenimaliza,” Deo akasema kutoka chini, na alikuwa anacheka na kulia.

“Ulisimama vibaya,” Maître akasema.

Jumapili asubuhi tukajipanga. Nilipomkaribia nikanyoosha mkono, bila kufikiri, kama unavyofanya kwa mzazi. Akausikia hata kabla haujamgusa.

“Mukono hapana, Mama Neema.” Kisha, kwa sauti ya chini, “Uite tu njia.”

Lilikuwa neno la karibu zaidi na kukiri aliloniambia maishani.

Tukapanda. Deo alikuwa mbele, na sijawahi kusikia mtu anaita kama alivyoita siku ile. Vitu ambavyo zamani tungeviruka viliitwa vyote. Kokoto. Ngazi ndogo. Ngazi kubwa. Tawi, inama. Maneno yalishuka mstarini yakiwa yamefungwa vizuri, kila mtu akiyapokea na kuyakabidhi, na mimi nikiwa wa mwisho kuyatoa. Nyuma yangu, “Imefika.” Hatua. “Imefika.” Nilikuwa nasikia viatu vyake kuliko moyo wangu.

Palikuwa na mahali pamoja pabaya. Njia inakuwa nyembamba kama benchi, kulia ukuta wa mwamba, kushoto hakuna kitu hadi mtoni, mbali sana chini. “Ukingo kushoto!” likaja. “Ukingo kushoto,” nikasema, nikageuka kumtazama, ingawa sheria ilikataza kugeuka. Maître alisimama. Nikaona ameshajua ni wapi, alipita hapo miaka yote. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Mtetemo ule wa siku ya kochi ulikuwa umerudi kwenye magoti.

“Sukari ninayo,” nikasema.

Akacheka kidogo, puani. “Ita,” akasema.

Nikaita. Mguu wa kulia, Maître, karibu na ukuta. Sasa wa kushoto, nyuma yake tu. Jiwe linacheza, usilikanyage, vuka. Mstari mzima ulikuwa umesimama upande wa pili, hakuna anayekohoa. Alipita benchi lile lote kwa sauti yangu, mikono yake iko mbele, vidole vimejikunja, bila kugusa mkono wa mtu. Alipofika palipo pana akasimama na kupumua. “Imefika,” akasema, safari hii polepole sana. Nikageuka mbele haraka, maana sikutaka nilie mbele ya mtu asiyetaka kuonewa huruma.

Baada ya hapo njia huwa tambarare na salama hadi kwenye maporomoko. Ni ile kona. Bonde likafunguka kama linavyofunguka kila mwaka, na mwaka ule nyasi zilikuwa zimeiva kuliko miaka yote, jua la saa nne linazipita kwa nyuma. Hapakuwa na jiwe, hapakuwa na mzizi, kwa hiyo hapakuwa na neno. Nikasikia hatua za Maître nyuma yangu, zinapita katikati ya uzuri ule wote kama anayepita kwenye korido.

Ndipo mbele kabisa, Deo akaita.

“Nyasi nyekundu!”

Mstari ukasita. Mtu mmoja akageuka, akamtazama mwenzake. Kisha wa pili akaita, “Nyasi nyekundu.” Wa tatu akaita. Wa nne, sauti ikimkatika. Neno likawa linashuka kuja kwangu, na nilijua likinifika na nikilipitisha, Maître atajua kwamba tunajua, sote, na kwamba tumejua siku nyingi. Mwaka mzima wa kuficha ungeishia mdomoni mwangu. Na nilimkumbuka amesimama mbele yangu mwaka ule wa kwanza, akiniuliza kama ua linavunja mguu.

Likafika. Sikugeuka nyuma.

“Nyasi nyekundu,” nikasema.

Hatua nyuma yangu zikakoma. Sheria ilikuwa kwamba asipojibu mstari unasimama, nasi tukasimama. Upepo ulipita kwenye nyasi. Mbali mbele maji yalikuwa yanaanguka. Nilingoja anikemee, nilitamani anikemee. Kisha nikasikia viatu vyake vinakaribia, na mkono wake, mzito, wenye sugu za sindano, ukatua begani kwangu na kushika kitambaa cha koti langu kama anavyoshika kola. Hakuuondoa.

“Nyekundu ya namna gani?” akauliza.

Nikafikiri. Nilitaka kumpa kitu cha kweli.

“Kochi la gogo, Maître,” nikasema. “Ile mahameli. Mwanga ukiipiga.”

Akaelekeza uso bondeni.

“Ah,” akasema. Kisha akainua sauti, ili hadi Deo kule mbele asikie:

“Imefika!”